Ekari 10, ng'ombe na sungura

Kuna hadithi moja ambayo Lennie Small, mhusika wa novela moja ya Marekani, anaijua neno kwa neno, na bado anaomba asimuliwe kila anapopata nafasi. Ameketi na rafiki yake George Milton kando ya mto Salinas, maili chache kusini mwa mji wa Soledad katika jimbo la California. Jua limezama, wamekula maharage ya kopo, na kesho wataripoti kwenye ranchi moja ya jirani kuanza kibarua kipya. George anasitasita, kisha anaanza, na sauti yake inashuka na kupata mahadhi ya mtu aliyekwisha kuyatamka maneno hayo mara nyingi. Anasema kwamba vibarua wa mashambani ndio watu wapweke kuliko wote duniani, hawana jamaa, hawana mahali, hulipwa mshahara wakaenda kuumaliza mjini, kisha wakarudi kwenye jembe la mtu mwingine. Anaongeza kwamba wao wawili hawako hivyo, na hapo Lennie anashindwa kujizuia: anamkatiza kwa furaha na kumalizia mwenyewe, kwamba yeye ana George wa kumwangalia, na George ana yeye.

Msomaji aliyekulia katika Kiswahili anakitambua mara moja kinachofanyika pale mtoni. Ni paukwa na pakawa. Msikilizaji anayajua majibu, anajua mahali pa kuingia, na utamu wa hadithi haumo katika kutojua mwisho wake bali katika kuusubiri mwisho ule ule: ipo siku watapata nyumba ndogo, ekari chache, ng'ombe na nguruwe kadhaa, watakula jasho la ardhi yao wenyewe, na Lennie ataruhusiwa kuwatunza sungura.

Novela hiyo ya John Steinbeck inaitwa Of Mice and Men, ilitoka mwaka 1937, na ni fupi kiasi cha kumalizwa kwa siku moja. Mara mbili za kwanza niliisoma kama habari ya maskini waliokosa bahati. Mara ya tatu, mwaka mmoja baada ya kumzika bibi yangu, niliisoma kwa namna nyingine kabisa, na tangu hapo nimekuwa na mawazo fulani kuhusu jinsi hadithi za kubuni zinavyoijenga ndoto isiyofikika, mawazo ambayo nimeona niyaandike.

Babu yangu mzaa baba alikuwa manamba. Alisajiliwa Kasulu na mawakala wa SILABU, ile idara iliyoanzishwa mwaka 1944 kutafuta vibarua wa mashamba ya katani, akapakiwa kwenye treni pamoja na vijana wenzake wa Kiha, akapewa namba na kipande, akapelekwa Tanga. Alikusudia kukaa miaka miwili. Amezikwa Muheza. Katika miaka yote ya katikati alikuwa na hadithi moja ya jioni, kwamba atarudi Buha, nchi ya Waha, na kununua ng'ombe sita wa pembe ndefu, na alikuwa akiwataja mmoja mmoja kwa rangi zao. Bibi, ambaye hakuwahi kufika Kigoma, alikuwa akimsahihisha: jana ulisema wa tatu ana baka jeupe kwenye paji la uso, leo umelipeleka wapi? Sisi wajukuu tulizijua rangi za ng'ombe hao kabla ya kujua kusoma. Sikumbuki hata siku moja mtu yeyote katika nyumba ile kumuuliza babu ng'ombe mmoja ni shilingi ngapi.

Nalirudia jambo hilo la bei kwa sababu ndipo ninapotofautiana na maelezo ninayoyasikia mara nyingi kuhusu ndoto katika fasihi. Husemwa kwamba mwandishi huionyesha ndoto kuwa haifikiki kwa kuiweka mbali: kilele cha mlima, nyota, nchi ya ng'ambo. Steinbeck amefanya kinyume chake. Ameichukua ndoto ya vibarua wawili akaisogeza karibu, karibu zaidi, mpaka ikawa na bei, na bei yenyewe ikawa ndani ya uwezo wao. Ndoto ile ilikuwa salama muda wote ilipokuwa hadithi. Ilianza kufa siku ilipohesabiwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi na ningependa kila anayeisoma novela hii aifanye kwa kalamu. George anakifahamu kishamba cha ekari 10 ambacho wenyewe, wazee wawili, wamefilisika, na bibi kizee anahitaji upasuaji. Wangekiuza kwa dola 600. Candy, mzee wa kufagia bwenini, anayasikia mazungumzo akiwa kitandani. Candy alipoteza mkono kazini miaka minne iliyopita akalipwa fidia ya dola 250. Ana nyingine 50 benki, na 50 atazipokea mwisho wa mwezi. Jumla ni 350. George na Lennie wakimaliza mwezi watakuwa na 100 kati yao. Hizo ni 450. Inabaki 150 tu, nayo inaweza kulipwa polepole wakati Candy na Lennie wameshahamia na kuanza kufuga.

Wanaume watatu wananyamaza. Mwandishi anasema wanatazamana kwa mshangao, kwa kuwa jambo ambalo hawakuwahi kuliamini kwa dhati sasa linaelekea kuwa kweli. Sentensi hiyo ndiyo kiini cha kitabu kizima, nami niliipita mara mbili bila kuiona. Hawakuwahi kuliamini. Walikuwa wakilisimulia, usiku baada ya usiku, kwa ufundi na kwa mapenzi, na kulisimulia ni kitu kingine. Aya chache baadaye Curley, mtoto wa mwenye ranchi, anaingia akitafuta ugomvi, anampiga Lennie usoni, na Lennie anauponda mkono wake. Ndoto haikupewa hata saa moja ya kukaa mezani ikiwa na bei yake.

Ili uzito wa ekari hizo 10 ueleweke, yafaa kukumbuka kwamba mwaka 1862 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kugawa ardhi ambayo kwayo mtu angeweza kupewa ekari 160, mradi aishi hapo na kuilima kwa miaka mitano. Ardhi hiyo ilikuwa imenyang'anywa wenyeji wa asili, na hilo halipaswi kupitwa kimya. Lakini kwa vizazi vya wazungu maskini, ekari 160 zilikuwa ahadi ya taifa. Kufikia miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, mabonde ya California yalikuwa yameshikwa na ranchi kubwa zilizoendeshwa na vibarua wa kuhamahama, wanaume wenye kitita cha blanketi mgongoni. Ndoto ya George imeshapunguzwa mara kumi na sita kabla hata hajafungua mdomo. Steinbeck alizaliwa Salinas mwaka 1902 na alipokuwa kijana alifanya kazi katika mashamba ya aina hiyo, na labda ndiyo sababu hakumpa mhusika wake tamaa ya utajiri. George anataka kitu kidogo sana. Anataka kuweza kusema, mvua ikinyesha wakati wa baridi, leo hatuendi kazini.

Kuhusu wahusika, kuna mbinu moja ninayoithamini kuliko zote. Shaaban Robert katika Kusadikika, iliyochapwa mwaka 1951, aliwapa watu wake majina yanayotangaza tabia zao, kwa hiyo ukisikia Majivuno anamshitaki Karama umeshajua nani yuko wapi. Steinbeck hagawi sifa. Anagawa ndoto ile ile moja na kuwapa watu mbalimbali vipande vyake, kisha anatuonyesha kila mmoja anavyokishika. Candy anakishika kama mzee anayeogopa kufukuzwa siku asipoweza tena kufagia. Ameshaona mbwa wake mzee akitolewa nje na kupigwa risasi kwa sababu ananuka na hana kazi, naye anajua kwamba mwanadamu asiye na kazi hana hata mtu wa kumfanyia huruma hiyo.

Kipande kinachoniumiza zaidi ni cha Crooks. Yeye ni mtunza farasi, mtu mweusi pekee pale, mgongo wake umepinda kwa kupigwa teke na farasi, na analala peke yake katika chumba cha matandiko kwa sababu wenzake hawamtaki bwenini. Ana vitabu, na miongoni mwavyo kuna nakala iliyochakaa ya sheria za madai za California za mwaka 1905. Mtu asiye na haki yoyote anaisoma sheria mpaka kurasa zinachakaa. Lennie anapoingia chumbani kwake na kutaja sungura, Crooks anamcheka. Anasema ameona mamia ya wanaume wakipita barabarani na vitita vyao, kila mmoja ana kishamba kichwani mwake, na hakuna hata mmoja aliyekipata. Ni kama pepo, kila mtu anaitaka. Halafu Candy anaingia na kutaja fedha. Crooks anauliza kama kweli zipo. Zipo. Na mtu huyu ambaye dakika chache zilizopita alikuwa akidhihaki, anasema kwa sauti ya chini kwamba ikiwa watahitaji mkono wa kazi, bila mshahara, kwa chakula tu, yeye angekuja.

Sijui mahali pengi katika fasihi ambapo tumaini linaingia moyoni mwa mtu kwa uchungu namna hiyo. Linakaa muda mfupi tu. Mke wa Curley anasimama mlangoni, maneno yanapishana, naye anamkumbusha Crooks kwamba akitaka anaweza kumfanya anyongwe mtini kwa neno moja tu. Crooks anajikunja, anakuwa si mtu, anakuwa sauti isiyo na rangi. Candy anapoondoka, Crooks anamwita na kumwambia asahau ile habari ya kuja kulima, alikuwa akitania. Ndoto hapa haikuvunjwa na umbali wala na uhaba wa fedha. Imevunjwa na ukumbusho wa nani ana ruhusa ya kuota.

Na yule mwanamke naye hana jina. Katika kitabu kizima ni mke wa Curley, basi. Wengi humsoma kama mchokozi tu, na nadhani hawamtendei haki, kwa kuwa naye ana hadithi yake ya jioni ila hana wa kumwitikia: mwanamume mmoja aliahidi kumpeleka Hollywood kuigiza, barua haikufika, anaamini mama yake aliiiba, na kwa hasira akaolewa na Curley. Anamsimulia Lennie mambo hayo ghalani, siku ya Jumapili. Lennie hasikilizi, anawaza sungura. Watu wawili wameketi kwenye nyasi kavu, kila mmoja anasimulia ndoto yake, na hakuna anayesema pakawa.

Hapo ndipo nafika kwenye sungura wenyewe. Mswahili anapolisoma neno hilo inambidi kwanza amweke kando yule sungura mjanja wa ngano zetu, anayemwingiza fisi mtegoni na kumzidi simba akili. Sungura wa Lennie hawana ujanja wowote. Ni manyoya. Lennie anapenda kugusa vitu laini, na mwandishi anavipanga vitu hivyo kwa ukubwa unaopanda: kwanza panya aliyekufa mfukoni, ambaye Lennie anasema alimwokota akiwa ameshakufa, kisha mbwa mchanga, anayekufa mikononi mwake, kisha nywele za mke wa Curley, ambaye naye anafia mikononi mwake. Kabla ya yote hayo, kule mji wa Weed, kulikuwa na gauni jekundu la msichana, ambalo Lennie alitaka tu kulishika, na ndilo lililowafanya wakimbie. Kila kitu laini anachokipata kinakufa au kinaleta balaa, na sungura, ambao ni laini kuliko vyote, ndio pekee wanaobaki hai, kwa sababu ndio pekee ambao hajawahi kuwagusa. Mwandishi hakueleza jambo hilo mahali popote. Amelipanga tu, na msomaji analihisi muda mrefu kabla ya kulitamka.

Karibu na mwisho Lennie amerudi mtoni kujificha, na katika fadhaa yake anamwona sungura mkubwa ajabu ameketi mbele yake, akimsuta kwa maneno makali kwamba hafai kutunza sungura, kwamba atasahau kuwalisha. Wako wahakiki wanaoona mandhari hiyo haikubaliani na ukweli wa sehemu nyingine za kitabu. Mimi naiona ni ya lazima. Ishara iliyobebeshwa matumaini ya mtu kwa muda mrefu namna ile hatimaye inapata mdomo, na inapofunguka inasema kile ambacho mwenye ndoto amekuwa akikiogopa.

Wengine watasema kwamba ishara mashuhuri kuliko zote ya ndoto isiyofikika ni ya mbali kweli: taa ya kijani ambayo Jay Gatsby huinyooshea mikono usiku ng'ambo ya ghuba, katika riwaya ya F. Scott Fitzgerald iliyotoka mwaka 1925. Lakini itazameni taa hiyo vizuri. Iko mwisho wa gati la nyumba ya Daisy, mwanamke ambaye Gatsby anampenda, mwendo mfupi wa mashua, na Gatsby amenunua kasri lake pale makusudi ili iwe karibu. Katikati ya riwaya, sura ya tano kati ya tisa, Daisy amesimama kando yake, mikono yao imeshikana, na Gatsby anamwonyesha upande ule taa inakowaka. Msimulizi, Nick, anawaza kwamba huenda wakati huo huo Gatsby ameona maana kubwa ya taa ile imetoweka. Imerudi kuwa taa ya gati. Gatsby hajapoteza chochote bado, hajauawa, hajakataliwa. Amepata. Fitzgerald alijua kile ambacho Steinbeck naye alikijua miaka 12 baadaye, kwamba umbali ndio unaoilinda ishara. Tofauti yao ni kwamba Gatsby alikuwa akiiota ndoto yake kimya, peke yake gizani, na labda hiyo ndiyo sababu namhurumia kidogo kuliko ninavyomhurumia George, ambaye ndoto yake ilikuwa kazi ya watu wawili.

George analikiri hilo ghalani. Mke wa Curley amelala kwenye nyasi, amekufa, Lennie amekimbia, na Candy anauliza swali ambalo hata yeye anaona aibu kuliuliza: wewe nami bado tunaweza kukipata kile kishamba, sivyo? Anainamisha kichwa kabla ya kujibiwa. George anasema kwa upole kwamba anadhani alijua tangu mwanzo kuwa wasingeweza. Ila Lennie alipenda mno kuisikia habari ile, hata yeye mwenyewe akaanza kudhani huenda ikawezekana. Ukiangalia hesabu tu, George na Candy bado wanaweza. Fedha za Candy hazijaenda popote, wazee wale bado wanauza. Kilichokosekana ni msikilizaji, na bila msikilizaji George hawezi hata kukiona kishamba. Anasema atafanya kazi mwezi mzima, atachukua dola zake 50 na kwenda kuzimaliza mjini usiku mmoja, yaani ataishi maisha yale yale ambayo hadithi yake huanza kwa kuyakana.

Kisha anakwenda mtoni, na mfukoni ana bastola ile ile iliyomuua mbwa wa Candy. Wanaume wa ranchi wanakuja nyuma, sauti zao zinasikika, na George anajua watakavyomfanya Lennie. Lennie anaomba asimuliwe. George anamwambia avue kofia, aangalie ng'ambo ya mto, naye atasimulia vizuri mpaka aone kama anaviona kwa macho. Anaanza tena, kishamba, ng'ombe, kuku, na kwa mara ya mwisho Lennie anaingia mahali pake, na sungura, na mimi nitawatunza. Lennie anaomba waende sasa, wakakichukue sasa hivi. George anakubali, sasa hivi.

Niliposoma hapo mara ya tatu niliweka kitabu chini kwa sababu nilikumbuka siku za mwisho za babu. Hakuwa tena na nguvu ya kusimulia. Alikuwa amelala upande mmoja akitazama ukuta, na bibi aliketi nyuma yake kwenye kigoda, akawa anamsimulia yeye: treni imefika Uvinza, tumevuka Malagarasi, wale ng'ombe wako ng'ambo, wanakunywa maji. Aliwataja wote kwa rangi zao, bila kukosea, pamoja na wa tatu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Babu alionyesha vidole sita. Bibi akamwambia hapana, saba sasa, mmoja amezaa.